Helikopta haikuja, akaja mrina asali

Nianze kwa kukiri: mimi ni mtoto wa video. Nimekulia Isevya, hapa hapa mjini Tabora, na shule yangu ya pili ilikuwa kibanda cha video cha mtaani. Unatoa sarafu yako mlangoni, unabanana na wenzako kwenye benchi, halafu unasubiri ile dakika ambayo mambo yameharibika kabisa. Steringi kazingirwa, risasi zimemwishia, nyuma moto, mbele maporomoko. Mara unasikia... tuf-tuf-tuf-tuf! Helikopta! Kamba inashuka, steringi anaidaka kwa mkono mmoja, mkono wa pili kamkumbatia mrembo wake, na kibanda kizima kinalipuka kwa vifijo.

Bwana wee, tulikuwa tunatoka pale tumevimba vichwa kama sisi ndio tuliookolewa.

Sikujua kwamba picha zile zilikuwa zinanifundisha somo moja baya: kwamba balaa likikukuta, kazi yako wewe ni kusubiri. Kuna watu wa kazi hiyo, wana mashine zao, watakuja tu. Somo hilo nilikaa nalo kichwani hadi nilipojikuta juu ya paa la Hiace, maji yanapita chini kama treni, giza linaingia.

Msomaji wangu, leo nakupa kisa hicho chote, pamoja na aibu yangu.

JUU YA PAA

Ilikuwa Aprili 2018, masika yamepamba moto. Tulikuwa tunakwenda msibani upande wa Ulyankulu, kwa mjomba, na gari lenyewe ni Hiace ya abiria iliyokwishachoka. Barabara ya vumbi mvua ikinyesha unajua mwenyewe inavyokuwa. Jioni jioni tukafika penye korongo moja ambalo kiangazi watoto huchezea mpira ndani yake. Siku hiyo lilikuwa mto. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yanavuka barabara, yana haraka zake.

Dereva akasimama. Konda, kijana wa miaka kama 20 hivi, akashuka na fimbo kupima kina. Maji yakamfika magotini. Wazee wawili waliokaa siti ya mbele wakasema, "Tungoje. Maji ya mvua hayana subira, yatapita yenyewe."

Sisi vijana wa siti ya nyuma tukacheka. "Kanyaga, dereva! Hayo si maji, ni mate!" Nitakwambia ukweli, mpenzi msomaji, maneno hayo nilisema mimi. Sauti yangu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote.

Dereva akakanyaga. Tulipofika katikati injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Gari likasukumwa pembeni taratibu, kama mtu anavyosogeza kiti, likaegemea kisiki. Maji yakaanza kuingia mlangoni. Hapo hakuna aliyecheka tena. Tukatokea madirishani, tukapandishana juu ya keria, watu 14, pamoja na mama mmoja mwenye mtoto mchanga mgongoni.

Konda hakukubali kukaa. "Naenda kuita watu," akasema, akaruka. Hakupiga hatua tatu. Maji yalimchukua mbele ya macho yetu, kichwa kikazama, kikaibuka, kikazama tena. Bahati yake akakutana na mti uliosimama ndani ya maji, kama mita 50 kutoka tulipokuwa. Akaukumbatia. Tukamsikia anamwita mama yake.

Simu yangu ilikuwa na mtandao wa kuungaunga. Nikampata mshikaji mmoja mjini, nikampigia kelele tulipo, laini ikakata. Ndipo jamaa mmoja mwenye brifukesi akatutuliza: "Ndugu zangu, tulieni. Taarifa imeshafika. Hali kama hii watatuma helikopta."

Usinicheke. Mimi niliangalia juu. Nikatoa simu tena, nikaanza kurekodi video, ili helikopta ikija nisikose picha.

MTOTO WA MTINI

Yule jamaa hakuwa mwongo. Helikopta zinazookota watu juu ya miti na mapaa zipo kweli, na kisa kilichovuma kuliko vyote barani kwetu kilitokea kwa jirani zetu wa Msumbiji mwaka 2000.

Februari mwaka huo mvua kubwa zilijaza mito ya kusini mwa nchi ile. Kabla watu hawajapumua, tarehe 22 kikaja kimbunga Eline. Mto Limpopo ukafura hadi ukaumeza mji wa Chokwe. Watu wakakimbilia mapaa, wengine miti. Huko mitini hakuna chakula, hakuna maji ya kunywa ingawa maji yamejaa kila upande, na nyoka nao wamepanda humo humo, maana hata wao wanaogopa kufa.

Katika mti mmoja upande wa Chibuto, jimbo la Gaza, alikuwemo mama mjamzito. Alikaa mtini kwa siku kadhaa. Tarehe 1 Machi 2000 uchungu ukamshika, akajifungua pale pale juu ya matawi. Helikopta ya jeshi la anga la Afrika Kusini ikafika, mhudumu wa tiba wa jeshi akateremshwa kwa winchi hadi mtini, akakata kitovu, kisha mama na kichanga wakavutwa juu. Mtoto akaitwa Rosita. Picha zake zikaonyeshwa dunia nzima, na mwaka huo huo mama na mwana wakapelekwa hadi Washington kuiombea nchi yao msaada.

Kazi ile haikuwa ya mchezo. Helikopta ikisimama angani inapiga upepo chini yake, upepo wenye nguvu ya kumng'oa mtu tawini. Rubani akishuka mno anamwangusha yule anayekuja kumwokoa. Akikaa juu mno, kamba inayumba kama pendulo na aliyening'inia anaweza kugongwa na matawi. Mafuta nayo yanakwisha, na kila mtu anayepandishwa ni uzito unaoongezeka. Marubani wale walifanya hivyo siku baada ya siku. Wanastahili heshima zote.

Sasa sikiliza hesabu ambayo picha ya Rosita haikuonyesha. Katika mafuriko yale waliokolewa watu zaidi ya 45,000. Waliookolewa kwa ndege na helikopta ni kama theluthi moja tu. Wengine wote, karibu watu 29,000, waliokolewa kwa boti, na wengi wa waendesha boti walikuwa Wamsumbiji wenyewe: wanamaji, watu wa Msalaba Mwekundu, na watu wa kawaida wenye boti zao. Helikopta za Afrika Kusini ziliwahi kwa sababu ni jirani. Malawi nayo, jirani mwingine, ikaleta zake. Nyingi zilizotoka nchi za mbali zilifika wakati maji yamekwishafanya kazi yake. Watu kama 700 walikufa.

Umeona? Hata pale ambapo helikopta ilikuwa steringi kweli kweli, kwa kila mmoja aliyevutwa juu kwa kamba, karibu wawili walivutwa na mkono wa mtu aliyekuwa karibu.

NJIA YETU INAJUA

Na sisi wa Tabora hatukupaswa kungoja Msumbiji watufundishe. Tumekaa juu ya njia ya misafara, ile iliyoanzia Bagamoyo, ikapita kwetu, ikaishia Ujiji. Njia hii imewahi kuuona msafara wa uokoaji uliochelewa.

Mwaka 1873 Waingereza walimtuma ofisa wa jeshi la maji, Verney Lovett Cameron, amtafute na kumsaidia Dk. Livingstone. Akatoka pwani na wapagazi na mizigo yake, akafika Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, yeye na wenzake wakalala na homa. Oktoba, wakiwa bado hapo, wakapata habari kutoka njia ya kusini: Livingstone alikufa tangu Mei, kule Chitambo, nchi tunayoiita leo Zambia. Mwili wake unakuja, umebebwa na watu wake mwenyewe, Susi na Chuma na wenzao.

Cameron akashauri wamzike hapa hapa. Wakakataa. Wakaubeba hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874, kwa miguu, kupitia nchi za vita na njaa. Wale waliotumwa kutoka mbali walikuta kazi inafanywa na wale waliokuwa naye siku zote.

Tuache ya zamani, tuje ya juzi. Ukiifuata njia iliyochepuka Tabora kwenda kaskazini unafika Kahama. Huko, katika machimbo ya Nyangalata, kifusi kiliporomoka tarehe 5 Oktoba 2015 na kuwafukia wachimbaji wadogo. Baadhi waliokolewa mapema. Wengine wakahesabiwa wamekufa. Chini, takriban mita 100 ardhini, kundi la watu sita lilikuwa hai. Walikula mende, vyura na mizizi. Walikinga maji yaliyodondoka mwambani. Mmoja wao akafa humo humo. Watano wakatolewa wakiwa hai tarehe 15 Novemba, siku 41 baadaye!

Waliowafikia ni wachimbaji wenzao. Helikopta ingefanya nini pale? Ingezunguka juu ya shimo na kutimua vumbi. Mtu aliye chini ya mwamba anamhitaji mwenye sururu, anayejua shimo lile linapita wapi.

Endelea mbele kwa njia iliyokwenda Karagwe na Buganda, utatokea upande wa Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 iliangukia Ziwa Viktoria, karibu kabisa na uwanja. Wavuvi ndio waliowahi, kwa mitumbwi. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alisimulia kwamba alitumia kasia kuufungua mlango wa nyuma. Watu 24 wakapona, 19 wakapoteza maisha. Majaliwa mwenyewe alizimia wakati akihangaika kuwafikia marubani, akazindukia hospitali. Serikali ikampa ajira Zimamoto. Aliyeanza kazi ya uokoaji kwa kasia akavishwa sare baadaye.

Simaanishi tusiwe na helikopta. Tuwe nazo, tena nyingi! Lakini piga hesabu mwenyewe: kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 700 kwa njia ya angani. Helikopta ya kawaida itatumia saa tatu na zaidi, huenda ikahitaji kujaza mafuta njiani, na usiku wenye mvua haitapenda kuruka kabisa. Mtu anayezama ana dakika chache tu.

WEKA HICHO KIDUDE

Turudi juu ya paa. Nilikuachia hapo na simu yangu mkononi.

Saa mbili zilipita. Yule mwenye brifukesi alikwishanyamaza. Mtoto alilia hadi akachoka. Konda naye tulimsikia kwa mbali, sauti inazidi kuwa ndogo.

Mara ng'ambo tukaona mwanga wa tochi, na nyuma yake mzee mmoja mwembamba na vijana wawili. Mzee ni mrina asali, alikuwa anatoka kwenye mizinga yake porini. Begani amebeba kamba ya magome ya miyombo, ile ile anayopandia miti mirefu usiku kufuata nyuki.

Hakupiga kelele wala hakuuliza nani mwenye kosa. Alipanda mbali juu ya mto, akafunga ncha moja ya kamba kwenye mninga, nyingine akajifunga kifuani, akaingia majini huku vijana wake wanaiachia kidogo kidogo. Hakushindana na maji. Aliyaacha yamlete hadi kwetu. Akaifunga kamba kwenye keria, akanitazama.

"Shikamoo mzee," nikasema. Yaani hilo ndilo lililonitoka!

"Marahaba, mwanangu. Hicho ulichoshika kinaogelea?"

"Hapana, mzee."

"Basi weka hicho kidude mfukoni, ushike mtoto."

Nikaweka. Nikampokea yule mtoto, mama yake akatangulia akiwa ameshikiliwa na kijana mmoja wa mzee, mimi nikafuata, kamba kwapani, mtoto kifuani, maji yananipiga mbavuni. Siwezi kuogelea. Hadi leo sijui nilivukaje. Ninachokumbuka ni yule mtoto kunishika sikio, kalishika kweli kweli, na mzee nyuma yangu anasema, "Usitazame maji. Tazama mti."

Wakavushwa mmoja mmoja, wote. Yule wa brifukesi alivuka wa mwisho, brifukesi ikaenda na maji.

Akabaki konda. Giza limeshakuwa giza. Vijana wakamwambia baba yao amechoka, wangoje kukuche. Mzee akasema maneno ya Kinyamwezi ambayo sikuyapata vizuri, ila yalikuwa mafupi. Akashuka ukingoni hadi akapita mkabala na ule mti, akaingia tena. Safari hii kamba tuliishika sisi, wanaume saba, mimi wa pili kutoka mbele. Ilipokazika nikajua ana mtu. Tukavuta. Viganja vyangu vilichubuka, na sijawahi kupata kidonda nilichokipenda hivyo.

Konda alitoka midomo imekauka, anatetemeka, hawezi kusema. Mama wa mtoto akavua kitenge chake akamfunika. Dereva akakaa chini akalia. Nikataka kumwambia mimi ndiye niliyesema ni mate, sikuweza. Namwambia leo hapa gazetini.

UFANYE NINI SASA?

Wewe unayesoma hili ukiwa ndani ya daladala, nisikilize, sitakuchosha.

Kwanza, maji yanayokwenda kasi usiyadharau. Yakifika magotini tu yanamwangusha mtu mzima. Kina cha sentimita 30 kinaweza kuelesha gari dogo, na sentimita 60 zinabeba karibu gari lolote. Wazee wakisema tungoje, ngoja. Abiria ana haki ya kushuka.

Pili, namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, bure. Piga mapema, kabla betri na mtandao havijakwisha, useme mahali mlipo kwa alama inayojulikana: daraja gani, kijiji gani. Mimi nilimpigia mshikaji badala ya wenye kazi. Halafu chaji iliyobaki nikaimalizia kwenye video!

Tatu, mtu akizama usimrukie kama huna mafunzo. Mrushie kitu: kamba, dumu tupu lililofungwa, tairi la ndani, hata tawi refu. Konda wetu alikuwa na moyo wa simba, lakini moyo peke yake hauelei.

Nne, jifunze fundo moja la kamba na ujifunze kuogelea. Tunajua majina ya mastaa wote wa picha za mapigano, lakini mitaani kwetu ni wangapi wanaoweza kumtoa mtoto kwenye dimbwi?

Mimi fundo nimejifunza. Masika yaliyofuata, 2019, nilimtafuta yule mzee nikampelekea sukari, majani ya chai na kamba mpya ya dukani, nene, ya kijani. Akaipapasa, akaivuta, akaitundika ukutani. Naona hakuiamini sana. Akanikalisha chini ya mwembe, akanifundisha lile fundo mara tatu hadi nikaliweza nikiwa nimefumba macho, kwa sababu, alisema, balaa hupenda kuja usiku.

Nilipoaga akanipa chupa ya asali. "Wabeja, mzee," nikamwambia.

"Haya, mwanangu. Niliambiwa mlikuwa mnangoja helikopta siku ile."

Nikainamisha kichwa. "Ndiyo, mzee."

"Ikafika?"

Tulicheka hadi wajukuu zake wakatoka ndani kuangalia kuna nini.